Kesi ya Rock na Arkansas: mshtakiwa afungwe mdomo, au aongee halafu adodoswe?

Mtu akiniuliza kuna tofauti gani kati ya shahidi asiyefaa kabisa kupanda kizimbani na shahidi anayefaa ila inabidi umtie shaka, huwa simpeleki kwenye vifungu kwanza, namwambia akasome Rock dhidi ya Arkansas. Mahakama ya Juu ya Marekani iliitolea hukumu Juni 1987, majaji 5 kwa 4, na ndani yake mna ustahiki wa shahidi, kumpinga shahidi kwa maneno yake ya nyuma, pamoja na shahidi mtaalamu, tena wataalamu wa aina mbili tofauti kabisa. Kesi yenyewe ni ya mauaji nyumbani, kwa hiyo sio kavu.

Ilikuwa tarehe 2 Julai 1983. Mke na mume (mke ndiye Rock wa kwenye jina la kesi) wanakaa kwenye apatimenti ndogo iliyopakana na saluni ya mke. Mume anataka wahamie kwenye nyumba ya trela ambayo mke alikuwa nayo nje ya mji, mke hataki, na hiyo ishu ilikuwa inachemka chini chini. Usiku huo ikalipuka kwa kitu kidogo tu, mume kamkataza mkewe kula piza, mke akataka atoke akatafute chakula kingine, mume hataki atoke. Polisi walipofika wakamkuta mume sakafuni ana jeraha la risasi kifuani na mke analia anawaomba wamwokoe asife, tena ikabidi wamtoe nje ya jengo kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa na kila saa anarudi kwenye simu anataka kuwapigia wakwe zake.

Sasa askari mmoja alikuja kusema mahakamani kwamba yule mama alimweleza hivi: alisimama atoke chumbani, mume akamkaba koo na kumtupa ukutani, ndipo akaenda akachukua silaha akaielekeza chini sakafuni, mume akampiga tena, naye akampiga risasi. Kipande hicho cha mwisho ndicho kilichobeba mashtaka. Kinasikika kama mtu aliyeamua, hata kama aliamua kwa sekunde moja akiwa anapigwa. Akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia.

Shida ni kwamba mwenyewe hakuwa anakumbuka vizuri risasi ilitokaje. Wakili wake akapendekeza afanyiwe hipnosisi, yaani alazwe kwenye ile hali ya nusu usingizi mtaalamu amwongoze kukumbuka. Akapelekwa kwa mwanasaikolojia wa neva mwenye leseni na mafunzo ya kazi hiyo. Yule mtaalamu akafanya jambo moja la maana sana ambalo ndilo lililokuja kuamua mambo baadaye: kabla ya kumlaza alimhoji kama saa nzima na kuandika noti za anachokumbuka. Halafu akamlaza mara mbili, na mara zote mbili walirekodi kwenye tepu. Ndani ya vikao vyenyewe hakusema kitu kipya. Lakini baada ya hapo akawa anakumbuka kwamba kidole gumba chake kilikuwa kwenye nyundo ya bastola, kidole cha kufyatulia hakikuwa kwenye kifyatulio, na bastola ililia pale mume alipomshika mkono wakiwa wanavutana.

Wakili aliposikia hivyo akatafuta mtaalamu wa silaha aikague ile bastola. Majibu yakarudi kwamba ni mbovu, ikigongwa au ikidondoka inaweza kufyatuka yenyewe bila mtu kugusa kifyatulio.

Hebu angalia mpangilio wa hayo matukio vizuri. Kumbukumbu imetangulia, ukaguzi umefuata. Ingekuwa kinyume chake, yaani kwanza wameambiwa bastola ni mbovu halafu mama anatoka kwenye hipnosisi anasema eti nimekumbuka sikugusa kifyatulio, hata mimi nisingempa senti tano. Mwendesha mashtaka mjanja bado angeweza kumuuliza, hii bastola ilikuwa ya nyumbani kwenu, hukuwahi kusikia kwamba ni mbovu? Swali zuri hilo, halali kabisa, na ndio aina ya swali ambalo linatakiwa kuulizwa mbele ya juri, yaani wale wananchi wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, shahidi akiwa amekaa pale anatazamwa usoni.

Ila halikuulizwa, kwa sababu mwendesha mashtaka alienda njia fupi. Aliomba ushahidi wote uliotokana na hipnosisi uzuiwe. Jaji akasikiliza maombi kabla kesi haijaanza na akaamua kwamba mshtakiwa atasema yale tu aliyokuwa anayakumbuka na kumweleza yule mtaalamu kabla hajalazwa, maana yake zile noti zilizoandikwa kwa kifupi sana ndizo zikawa mpaka wa mdomo wake. Mtaalamu wa silaha akaruhusiwa kupanda. Juri wakamkuta na hatia, kifungo miaka 10 na faini dola 10,000. Mahakama Kuu ya jimbo la Arkansas ikakubaliana na jaji, ikaweka na sheria ya jumla kwamba kumbukumbu iliyotokana na hipnosisi haiingii mahakamani hata kidogo, haijalishi mazingira.

Hapa ndipo mimi huwa nasimama. Fikiria ulikuwa kwenye lile juri. Unamsikia askari anasema mama alikiri kumpiga risasi mumewe. Unamsikia fundi wa silaha anasema bastola hii inaweza kujifyatua. Halafu anapanda mtu pekee aliyekuwepo chumbani na yuko hai, na kwenye ile sekunde yenyewe hana ruhusa ya kuongea. Mtaalamu amekupa uwezekano, lakini hakuna binadamu hata mmoja aliyekwambia kwamba uwezekano huo ndio uliotokea. Ushahidi wa kitaalamu usio na mtu wa kuufunga kwenye tukio unabaki unaelea tu, na juri watafanya nini nao zaidi ya kuupuuza.

Na kuna jambo la pili ambalo watu wengi wanalipita. Maneno ya mama kwa askari yaliingia bila shida, kwa sababu maneno ya mshtakiwa yakiletwa na upande wa mashtaka dhidi yake hayahesabiki kama ushahidi wa kuambiwa, ule ambao kwa kawaida hukataliwa. Kwa hiyo serikali ilikuwa na ruhusa ya kutumia mdomo wake, ila yeye mwenyewe akitaka kueleza alichomaanisha anaambiwa ishia kwenye noti. Sioni haki iko wapi hapo.

Tukirudi nyuma kidogo kwenye historia, hii habari ya kufunga mdomo wa mshtakiwa sio mpya. Kwenye sheria ya zamani ya Uingereza ambayo Marekani waliirithi, mshtakiwa hakuwa anaruhusiwa kutoa ushahidi kwa kiapo kwenye kesi yake mwenyewe. Hoja ilikuwa kwamba ana maslahi, lazima atadanganya, basi bora asiape kabisa. Jimbo la Maine lilikuwa la kwanza kuvunja hilo kwa sheria ya jumla mwaka 1864, mahakama za shirikisho zikafuata 1878, Uingereza yenyewe 1898, na Georgia ndiyo iliyobaki nyuma mpaka karne ya 20 imefika katikati. Wenye maslahi kwenye kesi, waliowahi kufungwa kwa makosa makubwa, wasioamini Mungu, wote hao kwa nyakati tofauti walishawahi kuambiwa hawafai kuwa mashahidi.

Kanuni za Ushahidi za mahakama za shirikisho zilizoanza kutumika 1975 zikafuta karibu yote hayo kwa sentensi moja kwenye Kanuni ya 601, kwamba kila mtu anafaa kuwa shahidi mpaka kanuni nyingine iseme tofauti. Kilichobaki ni vichujio vyepesi. Awe anajua jambo mwenyewe, hiyo ni 602. Aape au aahidi kusema kweli, 603. Jaji anayesikiliza kesi hiyo hawezi kuwa shahidi wake, wala mjumbe wa juri mbele ya wenzake. Basi. Mtoto, mtu mwenye ugonjwa wa akili, mlevi aliyekuwa amelewa siku ya tukio, wote wanapanda, na udhaifu wao unaenda kwenye mizani ya uzito wa ushahidi. Kesi ya Rock ilikuwa ya jimbo kwa hiyo hizi kanuni za shirikisho hazikuwa zinaiongoza moja kwa moja, lakini majimbo mengi yana zinazofanana nazo na mwelekeo ndio huo.

Arkansas walichofanya, ukivua maneno ya kisayansi, ni kurudisha ule ukuta wa zamani kwa mlango wa nyuma. Hawakusema mama hafai kuwa shahidi, walisema kumbukumbu yake haifai, ila matokeo ni yale yale maana sehemu iliyozuiwa ndiyo utetezi wenyewe.

Jaji Harry Blackmun ndiye aliyeandika uamuzi wa wengi, akiungwa mkono na Brennan, Marshall, Powell na Stevens. Hoja yake ya kwanza ni kwamba haki ya mshtakiwa kujitolea ushahidi ipo kwenye Katiba hata kama haijaandikwa kwa maneno hayo. Akaikusanya kutoka sehemu 3: utaratibu wa haki kwenye Marekebisho ya 14, haki ya kuita mashahidi kwenye ya 6 (na shahidi muhimu kuliko wote mara nyingi ni mshtakiwa mwenyewe), na ya 5 ambayo inasema hulazimishwi kuongea dhidi yako, kwa hiyo upande wa pili wake ni kwamba ukitaka kuongea uachwe uongee.

Akaegemea kesi mbili za nyuma. Washington dhidi ya Texas ya 1967, ambapo jimbo lilikuwa na sheria kwamba walioshtakiwa kwa kosa moja hawawezi kutoleana ushahidi wa kujitetea, eti watasaidiana kudanganya, ikatupwa. Na Chambers dhidi ya Mississippi ya 1973, hii naipenda zaidi kwa habari ya kumpinga shahidi. Kuna mtu alishaandika na kusaini kwamba yeye ndiye aliyeua, akaja akayakana maneno yake, mshtakiwa akamwita mwenyewe kama shahidi, halafu jimbo likasema huwezi kumdodosa, yaani kumhoji kwa kumbana, kwa sababu ni shahidi wako, ukimleta umemdhamini. Mahakama ya Juu ikasema hapana, sheria ya ushahidi isiendeshwe kama mtambo hadi inafinya utetezi. Kwenye Kanuni za 1975 mambo hayo ya kumdhamini shahidi yakafutwa kabisa, Kanuni ya 607 inaruhusu upande wowote kumshambulia shahidi yeyote, hata uliyemleta mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo cha Blackmun kikawa kwamba jimbo linaweza kuweka vizuizi, ila visiwe vya kiholela na visizidi kile vinachokusudia kulinda.

Sasa hipnosisi yenyewe ina shida kweli au hapana? Ina shida, na Blackmun hakuificha, akazitaja 3. Mtu aliyelazwa anakuwa mwepesi wa kupokea anachopandikiziwa na anataka kumfurahisha anayemhoji. Anaweza kuziba mapengo ya kumbukumbu kwa vitu vya kubuni bila kujua anabuni. Na ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote kwa wakili, baada ya hapo anaamini kila kitu kwa uhakika mkubwa, cha kweli na cha kubuni, kwa hiyo ukimdodosa hatikisiki. Kawaida tunategemea shahidi muongo atababaika kwenye dodoso. Huyu hababaiki kwa sababu hadanganyi, anaamini.

Hiyo ya tatu ndiyo hoja nzito ya Arkansas na lazima tuipe heshima yake. Kama dodoso ndilo dawa, na ugonjwa wenyewe unaua nguvu ya dawa, utasemaje bado tudodose? Blackmun alijibu kwamba hata mshtakiwa anayejiamini dodoso linaweza kuonyesha migongano yake, na juri wanaweza kuelimishwa hatari za hipnosisi na mtaalamu na kwa maelekezo ya jaji. Mimi naona jibu hilo peke yake lingekuwa jepesi. Kilicholipa nguvu ni vitu viwili vilivyokuwepo kwenye kesi hii hasa. Kwanza noti na tepu: unaweza kuweka pembeni alichokumbuka kabla na anachokumbuka sasa, na ukasikiliza mwenyewe kama kuna mahali mtaalamu alimpandikizia jibu kwa maswali ya kumwongoza. Pili bastola: chuma haijalazwa hipnosisi, haina mtu wa kumfurahisha, na imethibitisha kwamba anachokisema mama kinawezekana.

Ndiyo maana uamuzi haukusema hipnosisi ni nzuri. Ulisema kufuta ushahidi wote kwa jumla, bila kuangalia mazingira ya kesi yenyewe, ni uholela, mpaka jimbo lionyeshe kwa uthibitisho wa wazi kwamba kumbukumbu zote za baada ya hipnosisi ni batili. Hukumu ya Arkansas ikafutwa, kesi ikarudishwa huko wakaendelee nayo kwa mwongozo huo. Mama hakuachiwa na Mahakama ya Juu, hilo watu huwa wanalichanganya.

Majaji 4 walipinga, akiandika Rehnquist pamoja na White, O'Connor na Scalia. Msimamo wao kwa kifupi: nyie wenyewe mmekiri kwamba hii kitu haiaminiki na wataalamu hawajakubaliana namna ya kuitumia salama, basi mpaka wakubaliane, Katiba haiwapi ruhusa ya kuyalazimisha majimbo yafuate mtazamo wenu. Sio hoja ya kipuuzi. Ingekuwa shahidi ni wa upande wa mashtaka, kalazwa na polisi bila kurekodiwa, halafu anaamka anamtambua mtu, mimi ningekuwa upande wao bila kusita.

Tufanye zoezi kidogo sasa, tuseme mama amepanda na ameongea yote. Wewe ndiye mwendesha mashtaka. Una nini mkononi?

Una maneno yake ya nyuma, na hiyo ndiyo silaha kubwa. Siku ile ulimwambia askari umempiga risasi, leo unasema ililia yenyewe, ipi ndiyo kweli? Kwenye kanuni za shirikisho ni ya 613, shahidi wa kawaida anapewa nafasi ya kueleza au kukana. Wakili wa utetezi naye atasimama aulize, hayo ni maneno yako au ni muhtasari wa askari, uliyasema ukiwa katika hali gani? Mtu aliyekuwa analia mpaka akatolewa nje ya jengo, ni rahisi juri kuelewa kwamba hakuwa anachagua maneno.

Una maslahi. Ana kila sababu ya kutaka iwe ajali, na huhitaji hata kulisema kwa nguvu.

Una uwezo wa kukumbuka, na hapa ndipo hipnosisi ilipaswa kukaa tangu mwanzo. Haikuwa sababu ya kumnyamazisha, ilikuwa risasi ya mwendesha mashtaka. Unamuuliza kipande kwa kipande: hiki ulikikumbuka kabla? Hapana. Kipo kwenye noti? Hapana. Kimekuja baada ya kulazwa? Ndiyo. Na kwenye kikao chenyewe ulikisema? Hapana. Ukimaliza hayo maswali 4 unamwita mtaalamu wako wa kumbukumbu aeleze jinsi ubongo unavyoziba mapengo. Huyo mtaalamu atasema jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, lakini hawezi kusema mama ni muongo, kama ambavyo yule aliyemlaza hawezi kusema mama ni mkweli. Nani anaaminika ni kazi ya juri, na mtaalamu akianza kutoa vyeti vya ukweli, wakili mzuri yuko miguuni tayari kupinga.

Una tabia na rekodi, kama ipo. Kanuni ya 609 inaruhusu hukumu za nyuma za makosa yenye adhabu ya kuzidi mwaka mmoja, kwa mshtakiwa kuna mizani ya ziada kwamba faida izidi madhara, makosa ya udanganyifu yanaingia kirahisi zaidi, na zikipita miaka 10 inakuwa ngumu sana. Hii ndiyo bei ya kupanda kizimbani na ndiyo inayofanya mawakili wengi wamshauri mteja akae kimya. Ukipanda umefungua mlango, hata maelezo yaliyochukuliwa na polisi bila kukusomea haki zako yanaweza kutumika kukupinga, hilo lilishaamuliwa kwenye Harris dhidi ya New York mwaka 1971. Kitu ambacho hawawezi kukushambulia nacho ni imani yako ya dini, Kanuni ya 610 imefunga hapo.

Kwa hiyo serikali ilikuwa na zana za kutosha. Ilichagua kutozitumia kwa sababu kulikuwa na kufuli la bure.

Kinachonifurahisha ni kwamba miaka 6 baadaye, 1993, Blackmun huyo huyo ndiye aliyeandika Daubert dhidi ya Merrell Dow, ile iliyobadilisha namna mashahidi wataalamu wanavyochujwa kwenye mahakama za shirikisho. Kabla ya hapo kipimo kilikuwa cha kesi ya Frye ya 1923, kama wanasayansi wa fani hiyo kwa ujumla wameikubali mbinu, basi. Daubert ikampa jaji kazi ya kukaa mlangoni na kuuliza mbinu imejaribiwa? Imepitiwa na wenzake? Kiwango cha makosa ni kiasi gani? Ikishapita mlango, ushahidi unaoyumba unashambuliwa kwa dodoso kali, ushahidi wa upande wa pili na maelekezo kwa juri. Ni mtazamo ule ule wa Rock.

Ila mlango wa mtaalamu na mlango wa shahidi wa kawaida havifanani upana, na ni sawa visifanane. Mtaalamu anachaguliwa, analipwa, anaweza kubadilishwa na mwingine, na juri wanamwogopa kidogo kwa sababu ya vyeti vyake, kwa hiyo jaji amchuje vikali. Kanuni ya 702 ilirekebishwa tena Desemba 2023 kusisitiza kwamba anayemleta ndiye anayepaswa kumthibitishia jaji kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kinyume chake kuwa masharti yametimia. Shahidi aliyekuwepo chumbani hana mbadala. Yule fundi wa silaha ungeweza kumpata mwingine kesho yake. Mtu wa kueleza kidole kilikuwa wapi alikuwa mmoja tu duniani.

Kuhusu shahidi aliyelazwa ambaye sio mshtakiwa, Blackmun alisema wazi kwamba hawatoi maoni. Majimbo yalishagawanyika kabla ya hapo: California kwenye kesi ya Shirley ya 1982 ilifunga mlango lakini ikamwachia mshtakiwa nafasi, New Jersey kwenye kesi ya Hurd ya 1981 ilikubali kwa masharti, mtaalamu awe huru, arekodi kila kitu, achukue maelezo kabla, na asiwepo mtu mwingine chumbani. Kwa hiyo ukiwa na shahidi wa namna hiyo, kabla hujaita mtaalamu wa aina yoyote, tafuta kwanza kama kuna karatasi iliyoandikwa kabla hajalazwa na kama tepu ipo. Kama vyote havipo, sidhani kama nguvu zako uzimalizie hapo.